Rangi ya Maji ya Kunde

Niliaga kwamba nakwenda siku nne, nikarudi siku ya kumi na tisa, mashavu yamenikonda na kucha zimegeuka rangi kama za mtu aliyekuwa akichimba kisima. Tangu hapo hakuna shoga yangu hata mmoja hapa Mnarani aliyenipita njiani bila kuniuliza, "Bi Rukia, ulikwenda kushona au ulikwenda kuolewa?" Nimesimulia mara sita. Kila nikifika kwenye mambo ya basi mnanikatiza, tunacheka mpaka chai inapoa, na mwisho wake hausikiki. Basi nimeona niiandike. Anayetaka kucheka na acheke, karatasi haikatizwi.

Mambo ya malipo na mapatano nayaruka. Jueni hili tu. Mwalimu Karisa, yule aliyewahi kufundisha shule yetu hapa nami nikimshonea mashati, siku hizi amerudi kwao, kijiji kiitwacho Kwa Dzuya, mbele ya Jilore, karibu na mto Sabaki. Alimpa binamu yake Charo, fundi mwashi wa hapa Kilifi, barua aniletee. Charo akaifua ile barua pamoja na suruali. Alikuja na karatasi kama uji uliokauka, akanisomea kwa kichwa: kijiji kizima kinataka nguo za sare, wanawake magauni na wanaume mashati, za kuvaa siku ya kuwakumbuka watu wao waliochukuliwa na mto mwaka juzi. Kitambaa nikinunue Malindi. Rangi ya maji.

"Rangi ya maji?" nikamuuliza.

"Rangi ya maji," akasema Charo, tena kwa uhakika wa mtu anayesoma msahafu.

Mnarani hadi ng'ambo

Nilitoka nyumbani baada ya sala ya alfajiri, nikidhani mchana nitakula Malindi. Feri ilikuwepo, maji yalikuwa yametulia na watu hawakuwa wengi. Kilichotuzuia ni fahali. Mwenyewe alikuwa akimvusha kumpeleka Tezo kwa mambo ya mahari, na yule fahali aliweka miguu ya mbele kwenye feri, akafikiri, akakataa kuongeza ya nyuma. Hapandi, wala sisi hatuondoki.

Kila aliyekuwa pale alijua dawa. Mmoja alisema avutwe mkia. Mwingine alisema afunikwe macho. Bibi mmoja mwenye kapu la ndimu akasema asemeshwe kwa jina lake. Mwenyewe akajibu kwamba hana jina.

"Basi ndiyo sababu," yule bibi akasema, akaketi juu ya kapu lake.

Zilipita saa mbili. Mwishowe tulichoka, tukaenda kununua uji, na tulipokuwa na vikombe mkononi fahali akapanda mwenyewe bila kuguswa na mtu. Tulirudi mbio tukimwaga uji, maana feri ilikuwa karibu iondoke naye na kutuacha sisi.

Kilifi hadi Malindi, na kusimama Tezo

Hapa ndipo mnaponikatizia.

Mnaijua cherehani yangu ya mkono. Ina sanduku lake la mbao, refu kiasi cha mkono na kifuniko chake kimejikunja kama mgongo. Nilikuwa nimelizungushia kitambaa cheupe cha marekani lisiingie vumbi, nikalipakata mapajani, maana juu ya basi singeliamini. Karibu yangu aliketi mama mmoja wa bara, Mama Njeri, muuza vitunguu na viazi sokoni Malindi. Alilitazama sanduku, akanitazama mimi, akanishika mkono.

"Pole sana, mama. Alikuwa wa ngapi?"

Mimi nikadhani aniulizia cherehani. Wenzetu wa bara, mnajua, wakizungumza kila kitu kina roho: kiti ameanguka, gari anakuja, kisu amepotea. Sikutaka kumwaibisha kwa kumsahihisha, nikamjibu kwa ngeli yake.

"Wa pili," nikasema. "Wa kwanza mume wangu alimuuza."

Akauachia mkono wangu. "Alimuuza?"

"Akanunua redio."

Mama Njeri alilitazama tena sanduku. Basi zima, naona sasa, lilikuwa limenyamaza. Kisha akaniuliza taratibu, "Na huyu alikuwa na ugonjwa gani?"

"Huyu ni mzima, ila mguu umelegea kidogo. Nikifika nitamtia mafuta atafanya kazi."

Akainuka. Alimwambia kondakta asimamishe gari, tena alisema kwa utulivu, kama anayemwambia daktari aje. Tukasimama Tezo, kandokando ya mikorosho. Wanaume wawili wakaja kulichukua lile sanduku, na mmoja wao tayari alikuwa ameshavua kofia. Nilipofungua marekani na kifuniko, ikatoka cherehani nyeusi yenye maua ya dhahabu, na mguu wake wa kukandamizia kitambaa umelegea kama nilivyosema.

Kicheko kilichofuata nilikisikia mpaka Malindi. Mama Njeri ndiye aliyecheka kuliko wote na alilia kidogo pia, kisha akanipa vitunguu saba na kuniambia, "Lakini huyo bwana wa redio uliachana naye, si ndiyo?" Nikamwambia tuliachana. Akaniongeza vitunguu viwili.

Malindi

Nililala kwa binamu yangu, asubuhi nikala mahamri na mbaazi za nazi, tena nikala za mtu wa pili ambaye hakutokea. Kisha nikaingia madukani kutafuta rangi ya maji. Mwenye duka alinishushia majora matano, nikachagua poplini ya buluu, ile nyepesi, kama bahari yetu saa nne za asubuhi jua likiwa limeingia hadi chini.

"Ya harusi?" akauliza.

"Ya kuwakumbuka marehemu."

Akakikunja kitambaa tena pembeni, akakilainisha kwa kiganja. "Nao walikuwa watu wa furaha," akasema.

Nikanunua majora matatu. Nakumbuka nilijisifu.

Ganda, kwa wakwe wa dereva

Kutoka Malindi nilipanda lori la saruji. Dereva alisema tutafika Jilore kabla ya adhuhuri, na huenda ingekuwa hivyo kama mkewe asingekuwa mtu wa Ganda. Alipunguza mwendo karibu na boma la wakwe zake kwa heshima tu, apige honi apite. Mama mkwe akatoka, akasimama katikati ya njia na mwiko mkononi.

Mkwe hapiti. Tukashushwa, tukaketishwa kwenye mkeka, ukaja muhogo wa nazi, ukaja samaki wa kukaanga, zikaja embe, na kila dereva alipoinua kichwa kuaga, kikatokea kingine. Mama mkwe hakusema naye moja kwa moja, kwa adabu yao. Alisema nami, dereva asikie.

"Mwambie mwenye gari kwamba mtoto wetu amekonda."

"Anasema mkeo amekonda," nikamwambia dereva, aliyekuwa ameketi karibu yangu kiasi cha kugusana.

"Mwambie nitarekebisha," akasema, mdomo umejaa.

Tuliondoka jua likielekea magharibi. Jilore nikalala kwa mwalimu mmoja, mwenzake Karisa, na asubuhi nikaenda Kwa Dzuya kwa miguu, majora na cherehani vikiwa juu ya punda aliyetumwa kunipokea.

Kwa Dzuya, siku nne za kwanza

Kijiji kile kina nyumba ishirini na tatu, zote mpya, juu ya kilima. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba milango yote imetazama upande mmoja. Mto uko magharibi, na hakuna mlango hata mmoja, wala dirisha, unaoutazama.

Watu walitoka wote pamoja kunilaki. Mwalimu Karisa alikuwa mbele, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka. Nikawaamkia wakubwa, wakaitikia. Nikaona hapa pana watu waliongoja kwa hamu, na mimi napenda kungojewa. Nikafungua jora la kwanza nikalitandaza juani.

Mama mmoja akamvuta mtoto wake nyuma, kama kitambaa kile kingeweza kumlowesha.

"Fundi," akasema Mwalimu Karisa, sauti imepungua. "Niliandika rangi ya maji ya kunde."

Maji ya kunde. Hudhurungi ya kiungwana, rangi ya ngozi ya mtu. Mimi nimewaletea mto.

"Charo alisema rangi ya maji," nikajibu.

"Na kunde?"

"Kunde hazikufika."

Nilitaka kilima kifunguke kinimeze. Nikaomba radhi, nikasema nitarudi Malindi nikibadilishe, wanieleze tu wanavyotaka. Mwalimu akawageukia watu: "Mnasemaje?" Wao wakatazamana. Huyu alimtazama yule, yule akamtazama wa pili yake, macho yakazunguka kijiji kizima yakarudi yalikoanzia, na kila mtu alikuwa akisubiri kusikia atakubaliana na nini. Mwishowe wakaenda kupika.

Ikawa hivyo siku nne. Nilikuwa nalala kwa Sidi, mama wa miaka kama thelathini, mumewe yuko Mombasa bandarini, na ana binti mmoja wa kwenda shule. Lakini chakula nilialikwa kila nyumba, na hapo nikagundua jambo la pili. Jumatatu nilikula wari na kunde kwa Sidi. Wari ndio ugali wao. Nikaitwa nyumba ya pili, wari na kunde. Nyumba ya tatu, wari na kunde. Jumanne kijiji kizima kilikula muhogo. Jumatano mchicha mchungu wanaouita mtsunga, nyumba kwa nyumba, nami nikaula mara tano kwa heshima mpaka ulimi ukafa ganzi.

"Nani anaamua?" nikamuuliza Sidi tukimenya mihogo.

"Hakuna anayeamua. Moshi ukitoka nyumba moja tunanusa." Akacheka kidogo, kisha akatazama nje kuona kama amesikika. "Dada Rukia, siku ya mto kila mtu alifuata kichwa chake. Maji yalikuja alfajiri. Huyu kakimbilia kilimani, huyu kafuata mbuzi, huyu kaenda shambani kuokoa mahindi. Yaliposhuka tukahesabiana, tukapungua watu tisa. Tangu hapo hakuna anayependa kuwa wa kwanza, wala wa mwisho, wala wa pembeni."

"Kwa hiyo mnakaa katikati nyote?"

"Tunajaribu. Panabana."

Alinieleza kwamba hakuna aliyeweka sheria. Mwalimu Karisa alisema tu, siku ya tatu ya matanga: tusiachane tena. Wakalipenda neno hilo. "Na ilitutibu, nisiseme uongo. Mwaka ule wa kwanza ulikuwa ukiamka unalia, unatoka nje, unakuta na jirani katoka. Mnaketi. Lakini siku hizi nikitamani viazi siku ya kunde najiona kama mwizi."

Sufuria ishirini na tatu

Siku ya tano nikaitisha kikao mwenyewe. Nikawaambia kwamba nina wateja Mnarani wanaoniapiza. Nirudi na kitambaa au nikate? Wakaanza kutazamana. Nikawaambia, "Msitazamane, nitazameni mimi." Wakanitazama mimi, na bado hawakusema.

Ndipo Sidi aliposimama.

"Tukitie rangi," akasema. "Magome ya mkorosho yanatoa hudhurungi. Nyanya yangu alitia rangi mikeka kwa magome hayo."

Kisha mama mmoja mzee, Mama Jumwa, mwenye kifua kipana na jino moja la mbele la dhahabu, akasema, "Hata yangu alitia." Baada ya hapo kila mtu alikuwa na nyanya aliyetia rangi.

Mwalimu Karisa alipanga kazi kama mtihani. Kila nyumba ipewe kipande chake, magome kiasi kilekile, maji debe mojamoja, moto uwashwe pamoja na uzimwe pamoja kwa kengele ya shule. Nami nilivua viatu nikachutama kwenye sufuria ya Sidi, na hizi kucha mnazozishangaa ni za siku hiyo.

Kengele ikalia, vitambaa vikatoka, vikaanikwa kwenye kamba moja ndefu kutoka mwanzo wa kijiji hadi mwisho.

Mashoga zangu, sufuria hazilingani. Hii ya chuma, hii ya bati, hii ilipikiwa ndimu jana, ile ina kutu miaka minne. Buluu ilikuwa chini, magome yakaja juu, na kila sufuria ikafanya itakavyo. Kimoja kilikuwa chai ya maziwa. Kimoja kilikuwa udongo wa Tezo baada ya mvua. Cha Sidi kilikuwa kama asali, na cha Mama Jumwa kilitoka kijani cha mbaazi ambacho hakuna ajuaye kilitoka wapi. Vipande ishirini na tatu, rangi ishirini na tatu. Cha Mwalimu peke yake ndicho kilichokuwa maji ya kunde hasa.

Mama Jumwa alikitazama kijani chake, akageuza kichwa upande, akatazama tena. "Mimi nimepika nini?" akauliza. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika kamba, kamba ikashuka, na kijiji kizima kikashikwa. Sidi aliniambia baadaye kwamba alikuwa amesahau mlio wa kicheko cha jirani yake wa kulia.

Mwalimu ndiye pekee ambaye hakucheka. Alipita kutoka kipande hadi kipande akipapasa. "Turudie," akasema. Lakini magome yalikuwa yamekwisha, na siku ya kumbukumbu ilikuwa imebaki wiki moja na kidogo.

Basi nikatoa futi yangu ya kupimia. Hapo nikakwama tena.

"Mpime Dama," wakaniambia. Dama ni msichana mwembamba kama ufito. "Ukishampima Dama umetupima sote."

Nikamtazama Dama, nikamtazama Mama Jumwa. "Mama, hili gauni la Dama litakuingia mkono mmoja."

"Tutakaza pumzi," akasema Mama Jumwa, na alimaanisha.

Sikubishana. Jioni ile nilianza kuwapa pole. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiwakumbatia wanawake kwa msiba wao, mmoja mmoja, kifua na kiuno na mabega, wanaume nikiwakadiria kwa macho, na kila nilipotoka mlangoni niliandika vipimo mkononi kwa kalamu. Nawaambieni nilikuwa na haya njia nzima, kwa sababu nilianza kwa hila, na nilipofika nyumba ya saba mama wa pale hakuniachia. Alinishika hivyo muda mrefu. Vipimo vyake nilivisahau, ikabidi nirudi kesho.

Usiku wa pili wa kushona, kabla hatujalala, Sidi akaniambia, "Nataka mfuko."

"Magauni haya hayana mifuko. Mwalimu amesema yafanane."

"Najua." Akalikunja gauni la mwanawe. "Siku ya mto mkono huu ulimshika mtoto. Na huu ulishika sufuria. Sijui kwa nini sufuria, dada. Ilikuwa tupu. Mama mkwe wangu alininyooshea mkono, nami nikatafuta mkono wa kumpa, sina."

Likatoka la kipumbavu: "Sufuria haiingii mfukoni."

"Haiingii," akasema. "Lakini nataka kutembea na mkono mtupu."

Nikamtilia mfuko ndani ya mshono wa ubavu, mahali ambapo jicho haliuoni. Asubuhi akalivaa gauni kupima, akatia mkono mfukoni, akatoa, akatia tena. Hakumwambia mtu. Lakini kabla ya adhuhuri alikuja jirani yake nyuma ya nyumba, akisema kwa mnong'ono kwamba angependa mikono mirefu kidogo, ana kovu. Alasiri akaja mwingine: mpindo wa ndani uwe na kipande cha leso ya binti yake aliyekufa, nisimwambie yeyote. Mama Jumwa alitaka mahali pa ugoro. Mwanamume mmoja alitaka kifungo kimoja chekundu upande wa ndani, bila kueleza, nami sikuuliza. Walikuja mmoja mmoja wiki nzima, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake, na mimi nikipokea siri kama karani.

Mwalimu alipita kila jioni. "Mishono yote inafanana, fundi?"

"Kwa nje, mwalimu," nikamjibu. Naye hakuuliza zaidi.

Mtoni

Tuliteremka asubuhi, jua likiwa bado halijakolea. Maji yao wanachota bwawani upande wa pili wa kilima, kwa hiyo tangu siku ile hawakuwa wamekanyaga ukingo ule pamoja. Mto ulikuwa mdogo na mwekundu, ukipita na shughuli zake. Watu wakajipanga mstari mmoja, wakisogeleana mpaka mabega yakagusana. Kwa mbali, na zile rangi zao, wangeonekana kama shamba la mazao mchanganyiko.

Mwalimu Karisa akasoma majina tisa. Baada ya kila jina, watu waliitikia. Akakunja karatasi, lakini hakurudi kwenye mstari.

"Nina neno," akasema. "Siku ile mimi niliamka kwanza. Niliyaona maji kabla ya mtu yeyote. Sikugonga mlango wa mtu. Nilikimbia." Akaikunja karatasi tena. "Nimewaambia miaka miwili tusiachane, na niliyewaacha ni mimi."

Nilitazama chini. Nilijua kwamba mimi mgeni sikupaswa kusikia, na hapakuwa na mahali pa kwenda.

"Tunajua, mwalimu," akasema Mama Jumwa.

Mwalimu akageuka. "Mnajua?"

"Ulinipita mimi. Nilikuwa nje nawasha moto. Viatu umeshika mkononi, shati umelivaa nje ndani. Nikasema, huyu hakimbii bure. Nikawaamsha wangu."

"Na mimi," mwanamume mmoja akasema. "Nilikusikia ukianguka kwenye zizi la mbuzi wetu. Nilitoka na rungu nikidhani ni fisi. Nikayaona maji."

"Kumbe ni yeye aliyevunja lile zizi," mkewe akasema.

Mtu mmoja akajaribu kukizuia kicheko kwa kiganja, na kikampita puani. Basi, kikaenda. Walicheka pale ukingoni, wengine wakilia, na Mwalimu akiwa amesimama katikati na karatasi yake kama mwanafunzi aliyefaulu mtihani asioufanya.

"Mwanangu hakutufuata," Mama Jumwa akasema kilipotulia, na sauti yake sasa haikuwa na mzaha. "Alirudi kwa mbuzi. Hilo si lako, ni lake, na mimi nalibeba mwenyewe. Lakini waliobaki walibaki kwa sababu ya mbio zako."

"Mbona hamkusema?" Mwalimu akauliza. "Miaka miwili."

Wakatazamana kama kawaida yao. Safari hii Sidi hakungoja macho yazunguke.

"Tungeanzaje, mwalimu? Tuliona ukituhesabu kila jioni. Tukiwa sote uko sawa, mmoja akichelewa hulali. Tukasema tukae tu, akitulia tutaachia."

"Na mimi nilikuwa nakaa kwa ajili yenu," akasema Karisa.

Mwishowe Dama, yule mwembamba, akatoka kwenye mstari, akaenda kukaa juu ya jiwe peke yake kwa sababu miguu imemchoka. Mwingine akateremka kunawa uso. Sidi alitembea kandokando ya maji akielekea juu ya mto, mpaka akawa nukta ya rangi ya asali, na hakuna aliyemwita, ingawa niliona shingo zikinyooka. Alipokaa sana Mama Jumwa akasema tu, "Ile ni nguo yake, naiona," na akaendelea na ugoro wake.

Kurudi

Siku iliyofuata Mwalimu Karisa alinisindikiza hadi Jilore, cherehani imefungwa nyuma ya baiskeli yake, akiikokota badala ya kuipanda ili tutembee pamoja. Tulipita njia ndefu ya juu. Ipo ya mkato, ya mtoni, lakini aliniambia kwamba tangu mafuriko watu wa kwake hawaipiti, na nyasi zimeifunga.

Tuliketi mbele ya duka moja tukingoja lori. Akaninunulia chai na mkate. Chai ilipoisha akaniuliza bila kunitazama, "Fundi, ungekuwa wewe, ungefanyaje?"

Nilikuwa na jibu zuri mdomoni. Lakini mimi nimezaliwa hatua mia kutoka majini, na nimewahi kuota maji yakija, na ndotoni sijawahi kugonga mlango wa mtu.

"Sijui, mwalimu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi. "Padri aliniambia angegonga milango. Chifu naye. Hata Charo, na Charo hakuwepo." Akacheka kidogo, cheko la kwanza nililolisikia kwake tangu nimefika. "Sijui," akalirudia neno langu. "Ahsante, dada Rukia."

Lori likaja. Alinipandishia cherehani, akaifunga mara mbili, akampa dereva maagizo ambayo dereva hakuyasikiliza. Kisha akapanda baiskeli yake. Nilimtazama akifika pale njia zinapogawanyika, akasita, mguu mmoja chini, akashika ile ya mtoni. Nyasi zilimfunika hadi kifuani, kisha zikamfunika kabisa. Lori lilikuwa halijawashwa bado, kwa hiyo nikaisikia kengele ya baiskeli yake ikilia, ikilia tena, kama anayebisha hodi nyumba kwa nyumba, ingawa kwenye njia ile hapakuwa na mtu wa kupishwa.